Ngozi ya Musi

Zahanatini, Jumapili mchana

Kwa kaka yangu mpendwa Wamunyima,

Sasa hivi Pumulo amempigia kuku magoti. Kuku ni wa nesi, anazurura hapa bandani tunaposubiri sisi wenye wagonjwa, na mpwa wako alipomwona anakuja alichuchumaa mchangani, akapiga makofi polepole kama mtu mzima anayemwamkia induna, mkuu wa kijiji, kisha akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Kuku akapita zake bila kuitika. Mtoto akanigeukia kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemlea huyo kuku vibaya. Akina mama wote hapa wamecheka, hata yule aliyefiwa na mumewe alfajiri, akacheka kisha akajifunika khanga usoni.

Basi na mimi, kaka, nakuamkia kwa makofi na kwa magoti. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kitwe, wewe na wifi Nalukui na watoto. Je, kile kikohozi chako cha mgodini kimepungua? Wifi alisema usiku hakikuachi ulale. Kunywa maji ya moto na asali, na usivue koti ukiwa na jasho. Najua hutanisikia, lakini mama angekuwepo angesema hivyo, kwa hiyo nasema kwa niaba yake.

Kuhusu sisi, shuleni tulifundishwa kwamba mtu huandika kwanza kwamba huku hatujambo, halafu ndipo aeleze mengine. Nimejaribu kuandika hivyo mara mbili nikafuta. Nitakwenda polepole, nawe usome polepole, tena usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Nimeandika kwa sababu mambo haya hayasemeki pale juu ya kichuguu tunapopanda kutafuta mtandao wa simu, watu wanangoja zamu yao na wote wana masikio. Mwalimu Inonge anasafiri kesho na lori la samaki, ameniahidi atakufikishia mkononi.

Bonde mwaka huu halikututendea vizuri. Maji yalikuja machache na yakaondoka mapema, kama mgeni aliyekuja kusalimia tu bila kukaa kula. Bustani ya mama pale ukingoni, ule udongo mweusi ambao zamani tulichimba viazi kwa mikono, umepasuka, ufa mwingine unaweza kumeza mguu. Mfereji umejaa matete na wanaume hawakuitana kuusafisha. Kila mmoja anasema zamu ni ya mwenzake. Kambare kwenye vidimbwi waliisha kabla hata ya joto kuanza. Kwa kweli kinachotulisha ni mihogo ya mama mkwe kule juu msituni. Yeye naye haachi kunikumbusha. Kila akinimwagia unga kwenye ungo husema watu wa bondeni tuna ng'ombe wengi na vyura wengi, lakini njaa ikija tunajua vizuri njia ya kwenda kwa Wambunda wa msituni. Mimi hucheka, maana ni kweli, na kwa sababu kibaba chake hujaa mpaka hufurika.

Ng'ombe walishuka kutoka msituni mara tu maji yalipoondoka, kama kila mwaka. Lakini majani yalikuwa mafupi, wakawa wanayachuna mpaka mizizi, mchanga unaingia mdomoni. Bwana mifugo, yule Situmbeko mwenye pikipiki, anasema ugonjwa wa kimeta hulala humo humo mchangani, unaweza kungoja miaka na miaka mpaka ng'ombe mwenye njaa aje aufukue kwa ulimi. Alituita watu wa vilima vyote akatueleza. Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi inatoka puani, msimpasue, msimchune, msimle. Mfukieni mzima na ngozi yake, tena kule juu kwenye mchanga mkavu, si bondeni, maana mafuriko yatakuja kumfukua na kumtawanya. Na kikiwepo kipande chochote kilichokatwa, kichomeni kiwe majivu, pamoja na kila kilichogusana nacho. Wazee waliguna. Mmoja akamwuliza, sasa mwenye ng'ombe wa watu ataonyesha nini? Bwana mifugo akajibu ataonyesha kaburi. Watu wakacheka sana, lakini naye hakuwa anatania.

Wewe unajua desturi kuliko mimi. Mtu akiwekewa ng'ombe wa mwingine, maziwa ni yake, mbolea ni yake, maksai humlimia na kumvutia mizigo; lakini ng'ombe akifa, ngozi humwendea mwenye mali, na sikio lenye alama likiwa juu yake. Hivyo ndivyo mjomba Sikota alivyokamatwa. Alikwambia mamba, akakwambia fisi, na ngozi hata moja hakuwa nayo, na wale ng'ombe “walioliwa” tukawakuta wamefungwa mnadani Senanga wakiwa hai na wananenepa. Sikusahau jinsi ulivyolia siku ile, kaka, mtu mzima. Kwa hiyo sikushangaa ulipouliza habari za ngozi.

Kati ya ng'ombe wako tuliowekewa, Pula ndiye aliyetangulia kufa. Asubuhi alikamuliwa, mchana akawa ameanguka kando ya matete. Mume wangu Kayombo alikimbia mpaka kwa Induna Libakeni, bwana mifugo akaitwa, wakamkokota kwa maksai hadi juu, wakamfukia na ngozi yake mbele ya watu. Halafu tukapanda kichuguuni kukupigia.

Kaka, hapa kuna jambo hulijui. Simu yangu sehemu ya kusikilizia sikioni imekufa siku nyingi; nisipoifungulia sauti kubwa sisikii kitu. Kayombo alikuwa amesimama nyuma yangu amembeba Pumulo, na watu wa zamu walikuwa chini yetu. Ulisema hivi, nakuandikia kama ulivyosema:

“Ng'ombe aliyekufa ana ngozi. Asiye na ngozi hakufa, ameuzwa. Mwambie mumeo nataka kuona sikio. La sivyo Desemba nakuja na lori, nawahamishia ng'ombe wote kwa Akende. Kosa ni langu mwenyewe, nilimpa fisi bucha.”

Mimi nilisema ndiyo kaka, nimesikia kaka. Ningesema nini? Watu wa chini yetu walianza kuangalia vidole vyao vya miguu. Tulishuka na Kayombo mpaka kwenye daraja la magogo. Hapo akanyoosha mkono wake akautazama, ulivyo mwembamba, akasema, “Fisi gani huyu, miaka yote hii kwenye bucha na bado mbavu zinahesabika?” Tukacheka sote wawili. Nikadhani yamekwisha. Baadaye jioni, anamfunga ndama, akasema kwamba una haki ya kuuliza, na kwamba kama angekuwa mtu wa bondeni labda ungeuliza kwa sauti ya chini. Alisema bila ubaya. Halafu akaniambia nimpe chumvi iliyobaki, ndama wanaitaka. Nikampa.

Musi alikufa wiki chache baadaye. Unamkumbuka, yule wa rangi ya moshi, mwenye pembe moja iliyoelekea jicho. Kwangu huyo hakuwa ng'ombe tu. Maziwa yangu yalipokauka, Pumulo akiwa bado hajui kukaa, Musi ndiye aliyemlea. Alikuwa akisimama bila kufungwa mpaka nijaze kibuyu. Siku ile mimi nilikuwa juu kwa mama mkwe tunamenya mihogo. Kayombo alikuja kutueleza jioni, ameoga, nywele bado zina maji. Akasema Musi amekwenda, ameshamfukia. Nikamwuliza kama induna alikuwepo, akasema induna alikuwa msibani, ila majirani waliona. Nililia nikiwa nimeshika kisu cha mihogo, na mama mkwe akanisugua mgongo bila kunitania hata kidogo.

Kumbe hakuna jirani aliyeona. Ilikuwa adhuhuri, jua la Oktoba, watu wote wamelala vivulini, naye alikuwa peke yake ndani ya matete na kisu.

Siku mbili tatu zikapita akaanza kuvaa lile koti la mgodini ulilomletea. Oktoba, kaka. Hata mbwa walikuwa wanachimba mashimo watafute ubaridi. Nikimwuliza anasema ana baridi ya mifupa. Wenzake wakamtania kwamba shemeji yake amempandisha cheo, sasa ni msimamizi wa mgodi wa mavi ya ng'ombe. Alicheka nao. Akila alikula kwa mkono wa kushoto, nami nikamgombeza kwamba anamfundisha mtoto tabia mbaya. Nakumbuka nilivyomgombeza. Siku nyingine nilikiona kidonda anapojikuna, akasema dudu, akasema hakiumi. Na kweli hakikuwa kinauma. Hilo ndilo baya lake.

Mama mkwe ndiye aliyemkamata. Alishuka na kikapu cha unga, akamkuta ananawa, akaushika mkono kabla hajaurudisha kwenye koti. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, na juu ya kifundo kidonda cheusi katikati kama kipande cha mkaa. Yule mama hajui kusoma lakini hakuhitaji kusomewa. Akamwuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

“Mwanangu, umechuna nini?”

Kayombo akasema amekatwa na matete. Mama akamwuliza tena vilevile. Akauficha mkono ndani ya koti. Ndipo mama akanigeukia mimi, na maneno yaliyomtoka sitayaandika yote. Lakini moja nitaliandika, kwa sababu aliniagiza nikufikishie kama lilivyo. Alisema ng'ombe wa kaka yako wana adabu kumshinda kaka yako, wao wamekufa bila kumtukana mtu.

Tulimlaza kwenye gari la kuburuta, maksai wako wawili wakavuta. Mchanga ulikuwa moto, wanyama wanapumua kwa kelele, na kila tulipopita mtu alitoka kuuliza, nami nikasema homa, homa tu. Pumulo alikaa karibu na kichwa cha baba yake akimtia mchanga sikioni, akidhani ni mchezo. Tulipofika kwenye miti ya kwanza Kayombo akanivuta nguo nishushe sikio. Ndipo akaniambia.

“Ngozi iko chini ya mtumbwi wa baba yenu. Nimeitia chumvi. Sikio ni zima, alama inaonekana. Kaka yako akija usiseme neno, mwonyeshe tu.”

Nilimwuliza kwa nini hakwenda kwa nesi mapema. Akasema nesi angemwambia bwana mifugo, na bwana mifugo angekuja kuichoma, na akishaichoma yeye angebaki na nini cha kukuonyesha. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza jambo jepesi tu, kama vile ningemwuliza kwa nini amelima upande ule na si upande huu.

Nesi hapa ni mtu mwema, lakini ana mdomo. Alipoliona koti, akaona na kilichomo ndani yake, alisema, “Mngekuja wiki iliyopita sasa hivi tungekuwa tunacheka pamoja.” Anamdunga sindano asubuhi na jioni. Dawa ipo, Mungu asifiwe, haikukosekana. Ila uvimbe umepanda begani, umepita shingoni, na sasa uko kifuani, na usiku anapumua kama anayevuta ndoo kisimani. Nesi anasema sasa inategemea mwili wake utakavyopokea.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani kuchukua unga na blanketi. Mama mkwe alibaki naye. Nilikuwa nimepanga nisiiguse ile ngozi, niipite kama sijui. Nilimweka Pumulo chini ya kivuli cha ukuta, nikaingia ndani kufunga unga. Nilipotoka hayupo. Nikaita. Nikasikia anacheka, kicheko kinatoka kwenye mtumbwi, ule uliolala kifudifudi tangu maji yaondoke. Kaka, alikuwa ameingia chini yake kwa kutambaa. Alikuwa amekaa juu ya ngozi ya Musi, ameshika mkia kwa mikono miwili, anaupeleka mdomoni.

Sijui nilimtoaje. Nilimsugua kwa sabuni mpaka akalia, nikamsugua tena. Nesi amemtazama mwili mzima, amempa dawa ya maji, anapapasa ngozi yake kila asubuhi kutafuta kipele. Mpaka leo hakuna. Umesoma mwenyewe alivyomwamkia kuku. Hayo ni mambo ya mtoto mzima, sivyo?

Lakini siku ile nilikaa pale mchangani nikaitazama ile ngozi. Aliichuna vizuri, kaka, mtu wa msituni. Hakuna tundu hata moja. Ameitandaza upande wa manyoya chini, chumvi yangu yote iko juu yake, na sikio amelisimamishia kijiti ili lisijikunje, alama yetu ionekane. Nilielewa kwamba kila kitu ulichokitaka kipo pale. Ningefunika tu mtumbwi na kungoja Desemba. Ungekuja, ungeona, ungenyamaza, na labda ungempa mkono Kayombo.

Halafu nikafikiria kwamba ungeishika. Wewe ungeishika, ungeigeuza, ungelitazama sikio kwa karibu kama unavyotazama kila kitu. Watoto wako wangeikalia. Na kabla yenu kuna mbwa, kuna watoto wa kilima kizima wanaocheza mafichoficho. Mwingine atatambaa chini ya mtumbwi, na mama yake atakuwa ndani anafunga unga.

Unajua bondeni hakuna kuni. Tunapika kwa matete na mavi makavu, na moto huo hauwezi ngozi ya ng'ombe mzima, unaiunguza tu inanuka. Kuizika pale kilimani ni kuyawekea akiba maji ya Februari. Na bwana mifugo alisema kilichogusana nayo kiende nayo. Niliangalia huku na huku, na kilima chote kilikuwa na mti mmoja tu. Ulikuwa umeifunika.

Nimechoma ngozi, kaka. Na nimeichoma kwa mtumbwi wa baba.

Nilichukua shoka la Kayombo. Pigo la kwanza halikuingia, nikafikiri labda baba ananikataza. La pili liliingia. Ni mti mgumu, ule aliokwenda kuuchagua mwenyewe msituni, akakaa huko msimu mzima anauchonga. Wewe ulifundishiwa humo kusimama na kupiga kasia, mimi nilikuwa naruhusiwa kukaa tu na kuchota maji yaliyoingia. Niliichomea upande ule ule ambao wewe ulichora jina lako kwa msumari. Ngozi niliisukuma kwa mwiko mrefu, mwiko nao nikautupia. Moto uliwaka mpaka jua likatua. Jirani alikuja, nikampigia kelele asikaribie, akasimama mbali akajishika kichwa, maana aliujua mtumbwi ni wa nani. Majivu nimeyafukia na juu yake nimeweka miiba.

Kwa hiyo ngozi haipo. Sikio halipo, alama haipo. Maji yakija hatuna cha kupandia. Tutahamia msituni mapema kwa miguu, wakati bado pakavu. Mimi sina kitu chochote mkononi cha kukuonyesha isipokuwa barua hii, nami najua barua haina alama ya sikio.

Kayombo hajui. Kila akipata fahamu ananiuliza kama imekauka. Namwambia imekauka vizuri, hainuki, sikio limesimama. Anafumba macho, uso unapoa. Juzi alinitajia kwamba nisiikunje, iviringishwe, ili isipasuke njiani ikiwa utataka kuibeba Kitwe. Nikasema nitaiviringisha.

Sikulaumu, kaka. Mungu anajua nimejaribu kukulaumu kwa muda kidogo, hapa kwenye benchi, nikashindwa, kwa sababu nilikuona siku ile ya mjomba Sikota. Wala simlaumu yeye. Nakuomba jambo moja, na silo la ng'ombe. Waliobaki wamechanjwa, wako kwa Induna Libakeni, ukitaka kuwapeleka kwa Akende wapeleke, Pumulo atakunywa uji. Ninachoomba ni kwamba umpigie simu nesi, namba nimeiandika nyuma ya karatasi, umwombe amwekee Kayombo simu sikioni. Umwambie kwa mdomo wako kwamba unamwamini. Usimwambie umeiona ngozi, maana hukuiona; mwongo mmoja katika nyumba anatosha. Sema tu kwamba Pula alikufa, na Musi alikufa, na wewe unajua. Ukiweza kuja ni bora zaidi. Ukija usije na lori, watu wataona lori kwanza.

Kuna matumaini. Jana alikunywa uji nusu kikombe. Nikimtazama kutoka mlangoni naona kama shingo imepungua. Nesi hajasema hivyo, ni mimi nasema, lakini mimi ndiye ninayemtazama kutwa. Akipona tutaanza na bustani ya mama. Nitaita wanawake wenzangu tuusafishe ule mfereji sisi wenyewe kama wanaume hawataki. Mama mkwe amesema atakuja na jembe lake, mradi tumpigie magoti kwanza.

Msalimie sana wifi Nalukui na uwabusu watoto. Waambie shangazi yao anawakumbuka na atawawekea karanga. Mama mkwe anakusalimia pia, ingawa salamu zake nimezipunguza makali. Induna Libakeni anasema ukija upite kwake. Funga koti lako vizuri, na kikohozi kisikuzoee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nasilele, Mama Pumulo

Kaka, nilikuwa nimekwisha kuikunja barua, naiandikia tena hapa pembeni. Mama mkwe ametoka wodini. Anasema Kayombo ameamka, amekaa kitako mwenyewe bila kushikwa, macho yake ni maangavu, na anataka ngozi iletwe hapa leo hii. Anasema haiachi tena nyumbani, hataki sindano ya jioni mpaka ashike sikio kwa mkono wake aone kama alama bado inasomeka. Mama ameyasema haya yote huku ananitazama, maana yeye aliuona moshi kutoka hapa hapa zahanatini na hajaniuliza mpaka leo. Sasa ananiita mara ya pili, Mama Pumulo, njoo, anakungoja. Naacha mtoto kwa huyu mama aliyefiwa. Naingia, kaka, naenda kumwambia kwamba